Mwanangu, kwa nini tulikaa Hampi

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mimi na baba yako, tulipomaliza mambo ya hospitali Bengaluru, kusini mwa India, hatukwenda kuona Taj Mahal, tukaenda kujikalia Hampi kwenye magofu. Baba yako alihitaji mahali pa kutembea kidogo na kupumzika sana, na Hampi ndivyo inavyotaka yenyewe.

Hampi ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, iliyoanzishwa mwaka 1336. Mwaka 1565 masultani wa Dekani, majirani zake wa kaskazini, waliishinda dola hiyo vitani, mji ukaporwa, wenyewe wakauhama. Mabaki yake, zaidi ya 1,600, yametapakaa kando ya mto Tungabhadra katikati ya miamba, migomba na mpunga. Mchana jua ni kali, na hekaluni unaingia peku, mawe yanaunguza nyayo. Kwa hiyo tulitoka alfajiri na alasiri, mchana tukalala.

Nililolipenda kuliko yote ni hekalu la Virupaksha, ambalo si gofu hata kidogo: watu wanaabudu humo mpaka leo. Lango lake la mashariki linakwenda juu mita 50 hivi. Ndani, upande wa nyuma, kuna chumba cha giza chenye tundu dogo. Mwanga unapenya hapo, na taswira ya lango lile inatua ukutani kichwa chini miguu juu. Hakuna kioo, hakuna lenzi! Baba yako aligoma kutoka, na siku nyingine akataka turudi kwa hilo tu.

Hekalu la Vittala lipo mwendo wa kilomita mbili hivi, unaufuata mto. Huko ndiko kuliko gari la mawe lililochapishwa kwenye noti ya rupia 50. Lisogelee: si jiwe moja, ni vipande vilivyounganishwa, viungo vikafichwa ndani ya nakshi. Njiani utaona mitumbwi ya mianzi, mviringo kama ungo, ikivusha watu.

Taj Mahal ni nzuri, sibishi. Lakini ukipata likizo, nenda Hampi kati ya Novemba na Februari. Shuka stesheni ya Hosapete, kilomita 13 tu kutoka hapo, na usikubali dereva wa bajaji akuzungushe kila mahali kwa siku moja. Tafuta chumba, ulale huko.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako