Ukienda Guangzhou kufuata mzigo, pitia Macau (ila visa kwanza)

Wengi wetu tunaofuata mzigo Guangzhou tunaijua njia moja tu, uwanja wa ndege, hoteli mtaa wa Xiaobei, maduka, kago, basi tumerudi Kariakoo. Na Macau iko hapo chini tu jamani. Unapanda treni Guangzhou South, saa moja na ushee unashuka Zhuhai, stesheni yenyewe imepakana na mpaka wa Gongbei, unavuka kwa miguu na kibegi chako mgongoni unaingia kwenye kimji ambacho Wareno walikaa tangu 1557 mpaka 20 Desemba 1999 walipokikabidhi kwa China.

Ila kabla hujakata tiketi, toa pasipoti uangalie visa. Kama visa yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukigongewa muhuri wa kutoka pale Gongbei imekufa hiyo. Macau ni China kweli, lakini kwa mambo ya uhamiaji hesabu umetoka nje ya nchi. Nimemkuta jamaa wa kwetu pale mpakani anahangaika na simu, mzigo wake umebaki Guangzhou nusu haujafungwa na kurudi hawezi mpaka aombe visa upya. Kwa hiyo ukiwa bado Dar unajaza fomu, omba ya kuingia mara mbili, na masharti ya Macau kwa pasipoti yako yasome kwenye tovuti ya uhamiaji wao wenyewe, usiulize kwenye grupu la WhatsApp maana huko kila mtu ni afisa uhamiaji.

Na usiende wikiendi, wala wiki ya kwanza ya Oktoba, wala siku za Mei Mosi ambazo kwa bahati mbaya zinaangukia ndani ya maonyesho makubwa ya biashara ya Canton huko Guangzhou, ndo muda wengi wetu tupo kule. Bei za vyumba zinapaa, na pale mbele ya magofu ya São Paulo, kanisa la zamani la Wareno, hata pa kuweka mguu hamna. Nenda Jumanne au Jumatano. Afu usidanganyike ulale Zhuhai eti kwa sababu hoteli ni rahisi, ukirudi Zhuhai kulala ushatumia ile mara ya pili ya visa.

Watu wote wakifika wanakimbilia kwenye magofu kwanza, mimi nakushauri uanze upande wa pili kabisa, hekalu la A-Ma, asubuhi asubuhi, panda basi la kawaida la mji, nauli ni pataca 6 (pataca ndo hela ya Macau) popote uendapo. Hekalu lilikuwepo hata kabla Mreno hajatia nanga, wavuvi walikuwa wanakuja kumuomba mungu wao wa bahari. Kutoka hapo unapandisha taratibu, utapita jengo lenye matao kama msikiti, lilijengwa 1874 kuwa kambi ya askari polisi waliotolewa Goa, mbele kuna kiwanja cha Lilau, kanisa la Mtakatifu Lawrence, mpaka unatokea Senado ambako chini wamepanga vijiwe vyeusi na vyeupe kama mawimbi. Vibao vya mitaa ni vigae vyeupe vya maandishi ya buluu, Kichina na Kireno, ila ukimsemesha muuza duka Kireno atakutolea macho, watu wanaongea Kikantoni.

Ukifika kwenye magofu, kanisa liliungua 1835 ukabaki ukuta wa mbele tu. Usipige selfi ukaondoka. Inua macho juu uangalie zile nakshi, kuna mwanamke anakanyaga joka la vichwa saba na pembeni yake maandishi ya Kichina yamechongwa kwenye jiwe, kuna jahazi la Kireno, kuna na simba wa Kichina. Mafundi walikuwa Wachina na Wakristo wa Kijapani, na inaonekana.

Pembeni hapo panda ngome ya Monte. Waholanzi walikuja kuuteka mji tarehe 24 Juni 1622, mzinga wa ngome hii ukalipua baruti yao wakasambaratika, na kati ya waliowafukuza mpaka ufukweni kulikuwa na watumwa Waafrika wengi, baadhi yao wakapewa uhuru baada ya pale. Karne ya 20 nako Wareno walileta askari kutoka Msumbiji. Mimi nilikaa juu ya ukuta ule nikiwaza Fort Jesus ya Mombasa, ni watu walewale, enzi ileile.

Na kwenye menyu utaona kuku wa Kiafrika, galinha à africana. Agiza. Niliyokula mimi ilikuja kwenye sahani ya chuma inachemka bado, kuku kabanikwa halafu kafunikwa mchuzi mzito wa nazi, karanga na pilipili, kila mgahawa una mapishi yake, ila ule ungemuwekea mtu wa Tanga angeomba wali tu na maneno mengine asingesema. Waislamu angalieni sana, minchi, yaani nyama ya kusaga ya kukaanga, mara nyingi ina nguruwe, na zile nyama bapa nyekundu wanazokuonjesha bure njia ya kwenda magofu, nyingi ni nguruwe. Hata biskuti za lozi uliza mafuta yake. Msikiti upo, karibu na bwawa la maji upande wa gati la boti za Hong Kong.

Ingia Venetian, hoteli kubwa yenye kasino, uone dari la upande wa maduka lilivyochorwa kama anga, na kama umefikisha miaka 21 utaruhusiwa kwenye kasino, lakini hela ya mzigo iache hotelini. Dakika kumi zinatosha, kwangu ni baridi ya AC na kelele tu.

Ukilipa kwa dola ya Hong Kong chenji mara nyingi utapewa pataca, na pataca ukitoka nayo nje ya Macau hakuna anayeitaka, imalize hukohuko kwenye vile vikeki vya mayai (egg tart) vya Coloane, upande wa kusini wa Macau. Gongbei wanafunga saa saba usiku wanafungua saa kumi na mbili asubuhi, ila treni ya mwisho kwenda Guangzhou huondoka kabla mpaka haujafungwa, na foleni ya jioni pale ni ndefu, jipe masaa mawili.