Mgeni kaniuliza nani kanifundisha kupika, nikamjibu chuo

SWALI: Shkamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 26, niko jikoni kwenye hoteli moja huku Nungwi, lakini nimelelewa Pangani kwa bibi mzaa mama, alikuwa anauza vitumbua asubuhi na jioni anapika samaki wa kupaka, na mi toka nna miaka saba kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mbuzi nikune nazi na kupepea jiko. Chuo nilienda baadae. Sasa mwezi uliopita alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Muscat, Kiswahili chake kizuri kabisa, akaomba samaki wa kupaka ambaye kwenye menyu hayupo, shefu akaniambia pika wewe. Nikapika kama bibi. Alivyomaliza akaomba kuniona, akaniuliza mwanangu nani kakufundisha, mi nikaona aibu mbele ya shefu nikasema nimesomea chuo. Akasema ahsante basi akanyamaza. Roho inaniuma mpaka leo. Halafu shefu akataka tumuweke kwenye bafe ya Ijumaa, nikapika ya watu 40, tui likakatika lote. Nifanyeje nisipoteze ladha ya bibi, na mgeni akiuliza tena nisemeje, naogopa nikimtaja bibi nitaonekana sijasoma.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo mama maana ndo anayekuuma. Oman kuna watu wengi wenye asili ya Zanzibar, wengine familia zao ziliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na majumbani kwao Kiswahili hakikufa wala mapishi. Mtu kama huyo akikuuliza nani kakufundisha anakutafutia kwenu, anataka kujua ule mkono umetoka wapi, inawezekana kabisa ladha ile mara ya mwisho aliila kwa mama yake. Akija mwingine mwambie tu, "kanifundisha bibi yangu Pangani, mi ndo nlikuwa namkunia nazi", halafu muulize kwao walikuwa wanatia ndimu au ukwaju. Basi, muache aongee yeye.

Hilo la kumuacha mtu aongee mi nimelitoa kwa mama yangu. Alikuwa mamantilie Kariakoo, wali maharage na ndizi nyama, mi naosha sahani, na kabla sahani haijaingia kwenye beseni mama alikuwa lazima aiangalie, nani kabakiza nini. Mzee fulani akibakiza nyama siku mbili mama anajua meno yanamsumbua, siku ya tatu anamuwekea zile laini bila kumuuliza mbele za watu. Leo nna wahudumu na mashine ya kuosha vyombo lakini sahani ikirudi nusu bado naiangalia kwanza, na ikibidi natoka mwenyewe mpaka mezani. Hakuna darasa lililonifundisha hivo, nilisimama tu pembeni ya mama.

Kuhusu kuonekana hujasoma, mwangalie mpishi Marcus Samuelsson. Kazaliwa Ethiopia, kalelewa Gothenburg Uswidi na wazazi waliomuasili, na aliyemshikisha mwiko utotoni ni bibi yake wa huko, Helga. Mwaka 1995 akiwa Aquavit, New York, gazeti la New York Times liliupa mgahawa nyota tatu, 2009 akapika dhifa ya Rais Obama kwa waziri mkuu wa India, na 2010 alipofungua mgahawa wake wa Red Rooster pale Harlem zile kababu za mviringo za bibi yake akaziweka kwenye menyu kwa jina la Helga, kila mtu alione.

Ila chuo usikidharau. Bibi alikuwa anapikia watu anaowajua, we unampikia mtu umemuona leo ana aleji zake, ule usafi na kupima vitu ndo vinamlinda.

Sasa tui. Nyumbani ni nazi mbili na sufuria dogo, bibi kasimama hapohapo anakoroga. Wewe nadhani umejaza sufuria refu, gesi umefungulia yote, chini kunatokota juu bado baridi, ukwaju ukaingia tui likiwa linachemka kwa nguvu, likikatika hapo usishangae. Pika kwa mafungu ya watu kumi kumi kwenye sufuria pana, anza na tui la pili pamoja na tangawizi, thomu, manjano na pilipili, viive mpaka ubichi uishe, ndo utie tui zito, moto mdogo, usifunike, upawa usipumzike. Ukwaju weka ukishaepua. Na kwenye bafe usiache samaki analowa ndani ya tui kwenye lile sinia la moto kwa masaa mawili mazima, weka tui mbali, mpake mgeni anapofika. Samaki mwenyewe achomwe kwa mkaa, muombe shefu jiko la nje, gesi haitoi ule moshi na bila moshi yule mama wa Muscat asingekuita.

Ladha ya bibi kama bado yupo usiikisie. Likizo ijayo nenda Pangani na mizani ndogo ya jikoni, akichota chumvi kwa vidole mwambie aiweke kwanza kwenye kisahani, pima, andika, ndo aitie. Fanya siku tatu maana mkono hautoi sawa kila siku, utaona mwenyewe ni wapi anabadilisha na muulize kwa nini, kuna siku atakwambia nazi ya leo changa, siku nyingine atasema ukwaju huu mkali. Hayo andika pia pembeni ya gramu. Na tui lipime kabla hajaongeza maji, wazee wanaongeza huku wanaongea na wewe hata huoni.