Kurekodi si kurithi

Simu yangu ina sauti ya babu yenye urefu wa saa 14. Nilimrekodi kwa miaka miwili, jioni moja moja, nikapanga mafaili kwa tarehe na kuyapa majina: nasaba, safari ya kuhama, ugomvi wa mipaka, mafumbo. Nikaweka nakala tatu mahali tofauti. Siku nilipomaliza kazi hiyo nilijiona nimeuokoa ukoo mzima.

Babu akafariki. Siku chache baadaye tumekaa kifamilia, mpwa wangu wa miaka 9 akaniuliza baba yake babu aliitwa nani. Nikamtajia. Akauliza wa juu yake, nikamtajia. Wa tatu nikakwama. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, na mtoto akasema, "Kumbe simu ndiyo inayojua, mjomba?"

Hakukusudia kuniumiza. Lakini swali lile ndilo lililonifundisha ninachotaka kukuambia wewe uliyeanza, au unayepanga kuanza, kukusanya ya wazee wako kabla hayajapotea. Rekodi, tena anza leo. Ila usije ukadhani kwamba kwa kurekodi umerithi.

Lugha yetu inaita mambo haya mapokeo, na neno limetoka kwenye kupokea. Anayempokea mwenzake mzigo njiani huubeba yeye. Mimi niliupokea nikautia stoo.

Na nilichogundua baadaye ni kwamba kifaa chenyewe kilikuwa kimenilegeza. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na watu waliotembezwa kwenye makumbusho. Vitu vingine waliambiwa wavitazame tu, vingine wavipige picha. Walivyovipiga picha vilisahaulika zaidi. (Waliovuta picha karibu, wakalenga sehemu moja ya kitu, hawakupata hasara hiyo, maana yake tatizo si kamera, ni kuiachia kamera itazame kwa niaba yako.) Ndivyo nilivyokuwa mbele ya babu: naangalia kama kitufe chekundu kinawaka, naangalia chaji, huku mzee anaongea.

Kuna jambo jingine nililolikosea, na hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Babu angali hai, nilipokuwa nikisikiliza mafaili nilikuta anajipinga. Kwenye rekodi moja ukoo ulihama kwa sababu ya ukame. Kwenye nyingine ndugu wawili waligombana na mmoja akaondoka usiku. Ya tatu ina yote mawili. Nikamwendea nikiwa na uso wa mkaguzi: "Babu, wiki iliyopita ulisema ni ukame." Akacheka. "Wiki iliyopita aliyekuwa amekaa hapo ulipokaa ni nani?"

Walikuwa binamu zetu, wa kizazi cha yule ndugu aliyeondoka usiku. Mzee aliwasitiri wageni wake. Ugomvi hakuufuta, aliuweka akiba kwa siku ambayo ungesikika bila kumchoma mtu. Mimi nilisikia makosa mahali palipokuwa na adabu.

Baadaye nikasoma habari za Milman Parry, msomi wa Marekani aliyekwenda Yugoslavia miaka ya 1930 na mashine ya kurekodi, akiwafuata waimbaji wa tenzi ndefu. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1935 alitoa utenzi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Waimbaji wale walikuwa wakishikilia kwamba hurudia utenzi neno kwa neno kama walivyousikia. Rekodi zilipolinganishwa, maneno yalikuwa tofauti. Mtu wa haraka atasema waliongopa. Mswahili asiwe na haraka hiyo, maana kwetu pia neno si lile tu linaloandikwa kwa kuachiwa nafasi pande mbili. Tunaposema "nina neno nawe" au "haina neno", tunasema jambo. Hawa walihifadhi jambo kwa jambo.

Basi nikaanza upya, na nikaanzia mahali pagumu: kuizima simu. Nilisikiliza faili moja mara moja, kisha nikalisimulia lote kwa mdomo, peke yangu chumbani, kabla ya kulisikiliza tena. Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Majina yalichanganyika, safari ilianzia katikati. Lakini kukwama huko ndiko kunakofundisha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili kwa wanafunzi: wengine walisoma kifungu kwa vipindi vinne, wengine walikisoma kwa kipindi kimoja kisha wakajaribu mara tatu kukiandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika 5 waliosoma tena na tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, hao hao walikumbuka kama asilimia 40, na wale waliokuwa wakijikamua walikumbuka kama 61. Kusikiliza tena kunakupa hisia ya kujua. Kusimulia kunakuonyesha usichokijua, na mtu huogopa kuonyeshwa.

Ukishaweza kusimulia mwenyewe, msimulie mtu anayeuliza maswali. Mtoto anafaa kuliko mtu mzima.

Na maswali yatakupeleka pabaya, jiandae. Mpwa wangu aliponisikiliza nikishuka na nasaba vizazi saba, aliuliza mama zao walikuwa akina nani. Saa 14 za babu, na jina la mwanamke ni moja tu, tena limetajwa kwa sababu ya kesi. Nilikwenda kwa dada yake babu, ambaye katika ile miaka miwili yote sikuwahi kumpelekea hata swali. Alikuwa anawajua wote, kwa majina na kwa tabia. Alinitajia wa vizazi vinne bila kupumzika, kisha akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Nilipoanza kutaja nasaba pamoja na mama, mzee mmoja wa ukoo alinirushia methali ile ile: mwacha mila ni mtumwa. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini sikukubaliana naye. Sikuacha kitu, niliongeza waliokuwa wameachwa. Ushauri wangu hapa ni mfupi: kabla ya kuitetea au kuitupa mila, uliza inafanya kazi gani, na inamfanyia nani. Mila inayomsitiri mgeni ninaibeba. Inayomfuta mama yangu siibebi, hata iwe na umri gani.

Nilijaribu njia ya mkato pia, nikiri. Niliipa programu ya akili mnemba maandishi ya zile rekodi, nikaitaka initungie historia ya ukoo. Ikanipa kurasa sita zilizonyooka kama rula. Sababu ya kuhama ikawa moja: ukame. Ugomvi umetoweka, na wale binamu waliokuwa wamekaa pale hawapo. Nikampa mpwa wangu asome. Akasoma, akarudisha, hakuuliza kitu. Mashine hizi sizichukii. Zinanisaidia kuandika sauti kuwa maandishi, kazi ambayo ingenichukua miezi. Lakini zinanipa jibu wakati ninachohitaji ni mtu wa kubishana naye.

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu familia: unajua wazazi wako walikutanaje, unajua babu na bibi walikulia wapi, na kadhalika. Watoto waliojua zaidi walionekana kujithamini zaidi na kuhisi kwamba maisha yao yamo mikononi mwao. Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuwakaririsha watoto majibu. Duke mwenyewe ameonya kwamba hayo majibu siyo dawa. Ni dalili tu kwamba katika nyumba hiyo watu hukaa pamoja wakazungumza. Mtoto anayejua jina la babu wa babu yake kwa sababu alilisoma ukutani ana jina tu.

Kwa hiyo sasa nyumbani kwetu tunasimulia, kwa zamu. Mafaili bado ninayo, nakala tatu, na nikibishana na shangazi huwa tunayafungua kuamua kesi.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mpwa wangu. Alisimulia safari ya kuhama mbele ya wadogo zake, na kwa maelezo yake wale ndugu wawili waligombana kwa sababu mmoja alianguka na mwenzake akamcheka. Hilo halimo kwenye rekodi hata moja. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikawaangalia waliokaa mbele yake: wawili kati yao walikuwa hawasemeshani tangu asubuhi, mmoja goti limefungwa bandeji.