Stata ya Beetle Isipoitika, Pima Waya Kabla ya Kununua Nyingine

Wiki hii msomaji wa Morogoro ameniandikia kwamba Volkswagen Beetle yake huwaka vizuri asubuhi, lakini akiizima baada ya mwendo mrefu stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, hugonga mara moja tu na kunyamaza, na kwamba fundi wake anamtaka anunue stata mpya. Ujumbe huo umenichoma, kwa sababu ushauri huohuo nilipewa mimi kwa Beetle yangu ya mwaka 1972 hapa Tanga, nikalipa, stata ikabadilishwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Fundi aliyepokea fedha zile hakuwahi kushika mita ya kupimia volti.

Niliposhika mita mwenyewe, jambo lilijieleza. Betri ya Beetle imekaa chini ya kiti cha nyuma na stata iko ubavuni mwa giaboksi, karibu kabisa, lakini umeme wa kuamsha solenoidi, ile suichi ya sumaku ya stata, huzunguka hadi kwenye dashibodi, ukapita katika suichi ya ufunguo, ndipo urudi nyuma kwa waya mwekundu wenye mstari mweusi. Katika gari la umri huu viungio vimeshika kutu na suichi imechakaa, hivyo volti hupotea njiani, na injini ikichemka ukinzani wa shaba nao huongezeka. Nilipozungusha ufunguo, betri ilikuwa na zaidi ya volti 11, ilhali solenoidi ilipata 7.8 tu.

Dawa yake ni rilei ya ampea 40, yaani suichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, niliyoifunga karibu na stata kwa mikono yangu, na ninajivunia kazi hiyo. Waya ule wa zamani unaingia pini 86, pini 85 inakwenda ethi (bodi ya gari, iliyoungwa na hasi ya betri), pini 30 inachukua umeme kwenye nati kubwa ya stata kupitia fyuzi, na pini 87 inapeleka solenoidi kwa waya wa milimita 4 za mraba. Ufunguo sasa unaamsha rilei tu, na gari linaitika hata mchana wa Februari.

Sisi tunaoyapenda magari haya tuache kununua vipuri kwa kubahatisha. Tupime kwanza, tena tupime na upande wa ethi, ambao mafundi wengi huusahau: weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya stata na nyingine kwenye hasi ya betri, mtu azungushe ufunguo, na ukiona zaidi ya volti 0.5, safisha au badilisha mkanda wa ethi unaounganisha giaboksi na bodi ya gari.

Ndugu yangu wa Morogoro, fungua ncha hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote, na ukimaliza usiache kurudisha kifuniko cha betri, kwa kuwa springi za kiti cha nyuma zikigusa ncha zake moto huweza kuwaka huku abiria wamekaa juu ya kiti hicho.