Kadi ya picha imewekwa, kioo cha kabati la gemu kimebaki cheusi

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nipo Wete, Pemba. Nimewatengenezea wanangu kabati la gemu la plaiwudi, lina joistiki mbili na batani zake. Ndani nimeweka kompyuta ya mtumba ya ofisini, ile nyembamba, niliyoinunua Darajani, pamoja na monita ya zamani yenye tundu la picha la VGA tu. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Nikaongeza kadi ya GT 1030 ili wapate na gemu za mpira. Kadi ina matundu ya HDMI na DVI. Adapta yangu ya DVI kwenda VGA ilikataa kuingia kwa sababu ya pini nne za pembeni, nikazikata kwa koleo, ikaingia. Sasa feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Nikirudisha waya kwenye VGA ya kompyuta yenyewe, nako cheusi. Nikichomoa kadi, picha inarudi. Niagize kadi nyengine? Na je, TV ya chogo ya inchi 21 iliyopo nyumbani naweza kuitumia badala ya monita?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usiagize kadi nyengine. Kwa haya uliyoeleza, kadi yako huenda ni nzima kabisa, na tatizo limejionyesha kwenye zile pini nne.

Plagi ya DVI inaweza kubeba picha za aina mbili. Pini 24 zilizopangwa safu tatu ni za picha ya kidijitali. Pini bapa ya pembeni, na zile nne zinazoizunguka, ni za picha ya analogi, na monita yako ya VGA haielewi nyengine isipokuwa hiyo. Katika hizo nne, moja inapitisha rangi nyekundu, moja kijani, moja buluu, na ya nne inaiambia monita kila mstari wa picha unaanzia wapi. Ulipozikata uliondoa rangi zote tatu kwa pamoja. Lakini hata usingezikata usingepata picha, kwa sababu GT 1030 haitoi analogi hata kidogo. NVIDIA, watengenezaji wa chipu ya kadi hiyo, waliiondoa katika kizazi cha GTX 10 kilichoanza 2016, na kadi yako ni ya kizazi hicho. Ndiyo maana tundu lake la DVI halina nafasi ya pini hizo. Adapta ilipokataa kuingia, ilikuwa inakwambia kweli. Iweke kando, usiijaribu tena popote, maana pini iliyokatika vibaya huweza kuliharibu tundu.

Weusi wa pili, ule wa VGA ya kompyuta yenyewe, ndio unaowatisha watu wengi wakadhani kadi imeua madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Haijaua kitu. Kompyuta nyingi za ofisini zikiona kadi kwenye sloti, BIOS, yaani programu ya kuwashia iliyomo kwenye madabodi, huzima picha ya madabodi na kuikabidhi kazi kadi. Ukichomoa kadi, picha inarudi palepale, kama ulivyoona mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni dalili njema: inaelekea kompyuta imeitambua kadi.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Itoe kompyuta ndani ya kabati, kadi ikiwa mahali pake, uipeleke kwenye TV yoyote ya flati yenye HDMI, kwako au kwa jirani. Chomeka waya wa HDMI kwenye kadi, chagua HDMI kwenye TV, ndipo uwashe kompyuta. Picha ikitokea, kadi ni nzima na kilichobaki ni njia ya kuifikisha kwenye monita yako.

Njia hiyo ni konveta ya HDMI kwenda VGA. Adapta yako ilikuwa nyaya tupu ndani. Konveta ina chipu inayogeuza dijitali kuwa analogi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kadi. Unapoinunua, kuwa makini na upande. Madukani kuna ya HDMI kwenda VGA na kuna ya VGA kwenda HDMI, zinafanana kwa sura na haziwezi kubadilishana kazi. Mwambie muuzaji wazi: kompyuta ina HDMI, monita ina VGA. Ukipata yenye tundu dogo la USB la kuongezea umeme, chukua hiyo, kwani umeme unaotoka kwenye HDMI ni kidogo na baadhi ya konveta huzimazima picha zikiukosa. Na kama una spika ndani ya kabati, ziache zichomekwe kwenye madabodi kama zilivyokuwa. Windows ikishaona HDMI huenda ikahamishia sauti huko, nawe ukadhani spika zimekufa. Bonyeza alama ya spika pembeni mwa kioo uirudishe.

Ikiwa TV nayo ni nyeusi, washa, subiri dakika mbili, kisha bonyeza Num Lock kwenye kibodi ya waya. Taa ikiwaka na kuzimika kila ukibonyeza, kompyuta iko hai na inayokosekana ni picha tu. Taa ikiganda, au ukisikia milio ya pipi-pipi, kompyuta imekwama kabla ya kufika kwenye Windows. Hapo zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza batani ya kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, uitoe kadi. Itazame bati yake ya nyuma. Kompyuta nyembamba inataka bati fupi. Iliyolazimishwa huinamisha kadi, na upande mmoja wa meno haugusi sloti. Meno hayo yasugue taratibu kwa raba ya penseli, uyapanguse kwa spiriti safi, yakauke. Hewa yetu ya chumvi huyafubaza hasa baada ya masika, na kadi iliyokaa muda mrefu dukani huathirika vilevile. Irudishe mpaka kifungio cha mwisho wa sloti kijifunge.

Umeme si tatizo kwa kadi hii. Inatumia wati 30 hivi, na sloti huweza kutoa hadi 75. Nalisema hili kwa sababu najua jaribu linalofuata: mtu ataona kadi kubwa ya bei nafuu yenye soketi ya pini sita, na atauziwa waya wa kuunganisha na plagi ya SATA, ile inayopeleka umeme kwenye diski. Usikubali. Plagi ya SATA upande wa volti 12 imeundwa kwa wati 54, na soketi ile inaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka, na kompyuta yako imo ndani ya sanduku la mbao katika nyumba yenye watoto.

Kuna jambo jengine la kulipima. Kama wanao wanacheza zaidi gemu za zamani, za rika la Pac-Man ya 1980, kupitia MAME, programu ya kuchezea gemu za makabati ya zamani kwenye kompyuta, kadi haitawaongezea kitu cha maana. MAME hutegemea prosesa, na picha ya madabodi inatosha. Kadi ina faida kwenye hizo gemu za mpira na nyengine za 3D.

TV ya chogo iache. Inachora mistari kama 15,625 kwa sekunde, kompyuta ya kawaida inatoa 31,500 au zaidi. Ipo njia ya kuzikutanisha, lakini inataka kadi kongwe zenye analogi na programu maalumu, wala GT 1030 haimo katika hizo. Na usiifungue nyuma kwa hali yoyote, kioo chake hubeba zaidi ya volti 20,000 na huweza kubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa.

Unapoirudisha kompyuta kabatini, toboa matundu chini ya mlango wa nyuma na mengine juu, kwa sababu kadi imeongeza joto. Yazibe kwa wavu mwembamba. Mjusi kafiri hupenda pahala penye joto, na akipita juu ya pawa saplai anaweza kuiunguza.

Ukishajaribu kwenye TV ya flati niandikie ulichokiona, pamoja na modeli ya kompyuta. Ikiwa ni ya kabla ya 2012, huenda kuna kitu cha kubadilisha ndani ya BIOS, na nitakuelekeza hatua kwa hatua.