Dada, hiyo hotuba ichane kabla hujaingia chumba cha mtihani

Dada wa Singida, samahani, leo sianzi na pole wala hongera. Bandiko lako nimelisoma ndani ya basi natoka zamu ya usiku, nikafika pale ulipoandika "nimeshakariri hotuba ya kumweleza mgonjwa kisukari, kurasa mbili, sasa niko kwenye ya moyo kushindwa kufanya kazi", nikapitilizwa kituo. Huku Uingereza ni baridi, nimetembea dakika ishirini kurudi. Kwa hiyo nikionekana mkali, ujue na miguu inachangia.

Umeuliza mambo manne: ufanye OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, au IELTS, ule wa Kiingereza cha kawaida, ununue kitabu gani, lafudhi yako itakuangusha au la, na nesi anamwelezaje mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiingereza. Leo nitalishika zaidi la mwisho. Ila kwanza hotuba ichane. Usiseme unaiweka pembeni kwa dharura. Washia jiko.

Ilikotoka naijua hata usiponitajia. Kuna jamaa wa tuisheni ya mtandaoni, ana kundi la WhatsApp, kwenye picha amevaa koti jeupe na stethoskopu shingoni, na nina mashaka kama amewahi kubeba bedipani ya mtu. Sijui kama wa kwako ndiye wa kwangu, lakini kama si yeye basi ni mdogo wake. Alitutoza laki tatu kwa wiki sita, akatugawia madesa: hotuba ya kisukari, ya pumu, ya presha, ya kiharusi, kila moja na maneno yake mazito yamepigiwa mstari. Kauli yake ilikuwa moja tu: "Mtahini anahesabu maneno ya kitaalamu, wewe mimina mpaka muda uishe." Tulimimina, dada. Tulimimina kama mvua za masika.

Mara ya kwanza nilifanyia Nairobi, nimepanda basi usiku kupitia Namanga, hotuba naisema kimoyomoyo mpaka jirani yangu akadhani nasali. Sehemu ya kuzungumza ya OET ina maigizo mawili, kila moja kama dakika tano. Unapewa kadi, unaisoma kwa dakika chache, halafu mtu aliye mbele yako anakuwa mgonjwa. Wangu alikuwa mama aliyeambiwa ana kisukari. Nikaanza kumwaga ung'eng'e. Katikati akanikatisha kwa sauti ya chini kabisa: mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu "Yes", nikavuta pumzi, nikaendelea na "Diabetes mellitus is a chronic metabolic disorder". Mtu anakuambia mama yake alikatwa mguu, wewe unamsomea kamusi.

Nikapata 330. B inaanzia 350, na NMC, lile baraza la wauguzi la Uingereza, kwenye kuzungumza wanataka B. Ada nikailipa upya, nauli upya, gesti upya.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba vigezo vya kusahihisha vipo hadharani, bure, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuvisoma. Yule aliyekaa mbele yako akiigiza mgonjwa hakupi alama hata moja. Sauti inarekodiwa, wasahihishaji wanaisikiliza kwingine. Na toka 2018, pamoja na sarufi na matamshi, wanaangalia namna unavyomhudumia mtu kwa mazungumzo: ulimuuliza kwanza anajua nini? Ulitulia katikati ukamsikiliza? Ulimpa nafasi ya kusema hofu yake? Ulihakikisha ameelewa? Hakuna mahali pameandikwa "atahesabiwa maneno mazito". Mwalimu wetu ama hakuwahi kuvifungua ama alivifungua akaona havina hela. Laki tatu! Kwa hela ile ningenunua mbuzi, na mbuzi asingenidanganya.

Haya, lakini hilo la mtihani ndilo dogo. Hela inatafutwa tena. Kubwa linakuja.

Mara ya pili nilifaulu, kwa sababu nilipunguza mwendo kidogo na kutingisha kichwa kwa huruma. Hotuba ilibaki palepale ndani ya fuvu. Nikaja huku, nikapita OSCE, mtihani wa vitendo wa manesi, nikapewa namba ya usajili, nikapangiwa wodi ya moyo kaskazini mwa Uingereza.

Mwezi wa tatu nikampata mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu. Asubuhi daktari alipita na kundi lake, akamtajia ugonjwa kwa kama sekunde arobaini, wakaenda kitanda kinachofuata. Hapo uelewe kazi yako ya kweli: ugonjwa mara nyingi anautaja daktari, lakini anayebaki na mgonjwa na macho yake yaliyotoka ni wewe. Nikavuta pazia, nikasimama miguuni mwa kitanda. Nilisimama, hata kiti sikuvuta. Nikamwambia, naiandika kama nilivyoisema maana naikumbuka kuliko kiapo changu: "You have chronic heart failure with fluid overload. We are starting you on a diuretic. You need to watch your fluid intake and weigh yourself daily, and tell us if you gain two kilos in three days. Do you understand?"

Mzee akasema, "Right you are, love."

Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelewa. Nilijisikia vizuri, ujue. Sarufi haina doa hata sasa, itazame.

Akaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya tisa akarudishwa na gari la wagonjwa. Miguu imevimba mpaka soksi zimechora mfereji, ukibonyeza kidole shimo linabaki pale linakuangalia. Anahema akiwa amekaa. Mkewe yuko pembeni na kidaftari kidogo chenye jalada la maua. Akanifungulia. Kila ukurasa tarehe, na chini ya tarehe vijistari vya penseli, vinne vinne na cha tano kimelala juu yake, kama tulivyokuwa tunahesabu mifuko ya mahindi nyumbani. Kila kistari ni glasi. Mama wa watu akaniambia kwa fahari kidogo kwamba siku nyingi wamefikisha lita tatu, ingawa mzee alikuwa anakataa na ikabidi ambembeleze.

Umeiona? "Watch your fluid intake." Mimi nilimaanisha apunguze vinywaji. Yeye alisikia aangalie asije akaacha kunywa. Na hakukosea Kiingereza, ni lugha yake tangu kuzaliwa! Sentensi yangu ndiyo ilikuwa inaangalia pande mbili kama kinyonga. Halafu hiyo "diuretic", kidonge cha kukojoza, inaitwa na watu wa huku "water tablet", kidonge cha maji. Mtu kapewa kidonge cha maji na kaambiwa aangalie vinywaji, wewe ungefanya nini? Ungekunywa maji.

Nikamuuliza mizani. Walikuwa wanapima kila asubuhi, wamenitii na hilo. Ila mizani ya bafuni kwao haisomi kilo. Inasoma "stone", kipimo cha wazee wa huku. Stone moja ni pauni 14, kilo sita na ushee. Mimi nilisema akiongezeka kilo mbili atuambie. Mzee alikuwa anasubiri mshale upande mbili. Mbili za kwake ni karibu kilo kumi na tatu! Angefika huko akiwa puto.

Na hiyo "chronic"? Kwenye mdomo wa mtu wa rika lake haimaanishi ugonjwa wa muda mrefu, inamaanisha mbaya kupindukia. Chakula kibovu wanakiita "chronic", mpira mbovu "chronic". Ukiunganisha na "heart failure", mzee alielewa kwamba moyo wake umeshashindwa vibaya sana na muda wowote unazima. Mkewe alikuwa halali usiku, anamsikiliza kama anapumua. Siku tisa. Sikuwa nimemwuliza hata mara moja, "Umesikia nini pale daktari aliposema?"

Hawakukaidi, dada. Ndiyo inayoniua. Mgonjwa mkaidi ningemlaumu tukagawana. Hawa walinitii neno kwa neno.

Alipata nafuu, nikutoe wasiwasi. Mkuu wa wodi, mama wa Kerala kule India, asiyepandisha sauti hata moto ukiwaka, aliniita kwenye chumba cha dawa. Akauliza, "Ulijuaje kwamba ameelewa?" Nikasema, "Alisema ndiyo." Akasema, "Basi hukujua." Akarudi kuhesabu dawa zake.

Kwa hiyo shika moja tu: futa "Do you understand?" kichwani mwako. Swali hilo lina jibu moja duniani kote. Huku ni "yes, love", kwetu ni "nimekuelewa mwanangu", na bibi anakwenda kugawana vidonge na jirani yake mwenye presha. Mgonjwa hasemi hajaelewa. Anaona haya, anaona una haraka, anaona foleni nyuma yake. Badala yake mfanye akurudishie kwa maneno yake, na lawama uibebe wewe. Mimi nasema hivi: "I've thrown a lot at you. Just so I know I've explained it properly, what will you tell your wife when you get home?" Yaani nimemwaga mengi, hebu niambie ukifika nyumbani utamwambia nini mkeo. Hapo mimi ndiye ninayejipima, si yeye. Akirudisha vibaya, umeshajua wapi ulipovuruga, unaanza upya na maneno mengine. Usirudie yale yale kwa sauti kubwa zaidi, si kiziwi.

Na usimwagie yote ndiyo umwombe arudishe. Jambo moja, nyamaza, arudishe. Jambo la pili, nyamaza. Kunyamaza kwenyewe ni kazi ngumu kuliko sarufi yote, kwa sababu sisi tuliosoma Kiingereza cha ubaoni tunaona kimya ni kufeli.

Kingine kinachonikera na haya madesa: unajifunza upya kitu unachokijua. Hapo Singida wodini hujawahi kumwambia mama wa watu kwamba ana ugonjwa sugu wa kimetaboliki. Unamwambia "mama, sukari imepanda", unamuuliza nyumbani anakula nini, nani anapika, anacheka, unamtania, mnaelewana. Ufundi huo unao. Umeuacha mlangoni kwa sababu mtu mmoja wa WhatsApp kakuambia Kiingereza kinataka suti. Hakitaki. Maneno ninayotumia sasa kwa mgonjwa wa moyo mtoto wa darasa la tano anayaweza: "Your heart is still working. It's just not pumping as well as it should, so water is building up in your legs." Hakuna neno hapo la kupigia mstari. Na "diuretic" inakuwa "this tablet makes you pee more, that's how the water gets out". Aibu ya neno "pee" itakutoka wiki ya kwanza, huku bibi wa miaka tisini atakuambia habari za choo chake kabla hujamwambia jina lako.

Wiki tatu za mazoezi zinakutosha. Mkamate mtu asiyejua uuguzi, mpangaji mwenzako, bodaboda wako, yeyote anayejua Kiingereza kidogo. Mweleze ugonjwa mmoja dakika tano. Halafu akueleze yeye, na wewe ufunge mdomo. Rekodi kwa simu. Utakayoyasikia yatakuchekesha mpaka utalia. Nilipomjaribu shemeji yangu kwa simu, nilimweleza pumu nikidhani nimetisha. Alichokishika ni kwamba asifuge paka.

Kitabu, sijui, mimi nilinunua viwili, kimoja nimekifanya kigingi cha dirisha.

Yule mzee nilimweleza upya siku alipokuwa anatoka. Nilivuta kiti safari hii. Mkewe akakaa na kidaftari, ukurasa mpya. Tuliandika lita moja na nusu kwa siku kama alivyopanga daktari, tukaigeuza kuwa vikombe vyake mwenyewe vya chai maana nilimwambia alete kikombe cha nyumbani tukakipima kwa jagi la wodi. Uzito tuliugeuza kuwa pauni, nne kwa siku tatu, na namba ya simu ya wodi juu kabisa. Halafu nikamwambia anieleze, nikafunga mdomo. Akaanza kuhesabu kwa vidole: kidonge kinamkojoza, vikombe havizidi sita, supu nayo inahesabiwa, pauni nne apige simu. Akafika kidole cha tano, akasita, akamtazama mkewe, akaniinamia akanong'ona kama bia nayo ni kimiminika.