Pima presha mikono yote miwili: kwa madaktari tarajali

Wadogo zangu mnaoanza wodini, kuna ugonjwa ambao wengi mliusoma kwa ajili ya mtihani kisha mkauacha: Takayasu. Ni nadra, lakini mgonjwa wake mara nyingi hupita kwa watabibu kadhaa kabla hajapatikana wa kumshika mkono wa pili.

Kinga ya mwili hushambulia kuta za aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, na matawi yake makubwa. Kuta huvimba, zikawa nene, njia ya damu ikabanwa au ikaziba kabisa. Wengi wanaougua ni wanawake wasiofika miaka 40. Mwanzoni wanalalamika homa, kukonda, uchovu, viungo kuuma. Kwetu hapo tunawaza kifua kikuu, na ni sawa kukipima. Majibu yakirudi safi, usimwongezee dawa za homa ukamruhusu. Muulize kama mkono unachoka anaposuka nywele au kuanika nguo hadi aushushe apumzike. Muulize pia kuhusu macho kuingia giza. Mikito Takayasu mwenyewe alikuwa daktari wa macho huko Japani; mwaka 1908 alieleza mishipa isiyo ya kawaida ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21, na wenzake wakataja wagonjwa wa aina hiyo waliokosa mapigo mkononi.

Kwa hiyo shika mapigo ya mikono yote miwili kwa pamoja, ulinganishe. Pima presha kila mkono. Namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10, fuatilia. Sikiliza kwa stetoskopu shingoni, juu ya mtulinga na tumboni, kama kuna mvumo wa damu inayopita penye mshipa uliobanwa. Mashine ikigoma kusoma mkono mmoja, msikimbilie kulaumu betri.

Linaloniumiza zaidi ni hili: mkono ulioziba husoma presha ya chini wakati presha halisi iko juu, hasa mshipa wa figo ukiwa umebanwa. Pima na miguuni.

ESR na CRP, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, zinaweza kuwa za kawaida na ugonjwa bado unaendelea, basi omba picha ya mishipa na umpeleke kwa bingwa. Akianzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mweleze yeye na ndugu zake kwamba haiachwi ghafla hata akijisikia mzima. Na kwenye kadi yake andika kwa herufi kubwa presha ipimwe wapi.